Penseli ya Bwana Ranjit

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijui kama nilizaliwa hivyo au ni kazi iliyonifanya, lakini hadi leo nikipewa kitu cha bure nakigeuza kwanza nione chini kumeandikwa nini. Kwa hivyo mwezi uliopita simu ilipolia, na mwanamke mwenye Kiswahili cha Nakuru kilichokaa sana ng'ambo akaniuliza kama mimi ndiye Tabitha wa chumba cha kompyuta, nilimjibu kwa swali: nani anauliza? Alisema anaitwa Simran, binti ya Bwana Ranjit. Baba yake amefariki Uingereza, na familia imekuja Nakuru kufanya ibada ya kumkumbuka katika hekalu alimofungia ndoa. "Auntie, tunataka uje," alisema. "Na useme maneno mawili hivi. Baba alikuwa anakutaja sana." Nilimwambia nitakuja. Kisha nikakaa pembeni mwa kitanda, simu mkononi, nikijiuliza wanajua nini. Mtu hatajwi miaka yote hiyo kwa mema matupu, na mimi nilikuwa na sababu zangu za kuogopa.

Nilienda. Nilivua viatu mlangoni, nikajifunika kitambaa kichwani, na kwa sababu ya magoti yangu nikaletewa kiti wakati wengine wakiketi chini. Sikuelewa nyimbo, lakini niliwaangalia watu mmoja mmoja, nikitafuta jicho lililokuwa likinitazama zaidi ya inavyofaa. Hakuna. Baada ya ibada tuliingia ukumbi wa chakula. Kijana mmoja akaniwekea dengu na chapati nyembamba, kisha akaongeza kijiko cha achari ya pilipili mbichi na ndimu. Harufu ya achari ile ilinifanya niweke mkono chini. Mara ya mwisho nyumba ya Bwana Ranjit kunitolea chakula nilikikataa, na nilikikataa kwa sababu niliamini kinanunua kitu kwangu.

Mwaka huo, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepanga chumba Bondeni, chumba cha kitanda kimoja, stovu moja na dirisha lililotazama mgongo wa duka la mkaa, na kila asubuhi nilitembea hadi kituo cha mbegu, ambako nilitoboa kadi za kompyuta, kila tundu likisimama badala ya herufi au namba. Kituo chetu kilijaribu aina za viazi katika ploti ndogo ndogo huko Kuresoi, Keringet na Molo, ili kujua wakulima wa nyanda za juu wapewe mbegu gani. Kila ploti ilikuwa na kadi yake: aina ya kiazi, mahali, na uzito wa mavuno. Kompyuta yenyewe ilikuja ikiwa imetumika Nairobi, kubwa kuliko chumba changu cha Bondeni, na ilikaa katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mikanda ya gundi. Miezi ya kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe la ziwa, na vumbi hilo likiingia kwenye mashine ya kutobolea, matundu yanakaa kando. Tulifuta meza mara tatu kwa siku. Nilipenda chumba kile. Kilikuwa na baridi, kilinguruma, na ndani yake nilijiona mtu wa maana.

Lazima nieleze maktaba, maana bila hiyo hakuna ninachosimulia. Programu ilikuwa bunda la kadi, kila kadi mstari mmoja. Kazi ambazo kila programu ilizihitaji, kama kutafuta wastani au kupanga orodha, hazikuandikwa upya kila mara. Ziliandikwa mara moja, kila moja ikawa kifungu chake, ikafungwa kwa mpira, ikapewa jina na kuwekwa katika kabati la chuma lililokuwa kando ya mlango. Kabati hilo ndilo tuliloliita maktaba. Ukitaka kufanya hesabu, unachukua bunda lako, unachukua vifungu unavyovihitaji, unavipanga nyuma, unailisha mashine. Ukikosa kimoja, mashine inasoma mpaka mwisho, inatafuta, kisha printa inaandika jina la kifungu na kusema hakipatikani. Hapo kazi imekwama. Haikuambii kiko wapi wala nani alikuwa nacho mara ya mwisho. Hilo unabaki kulijibu mwenyewe, ukiwatazama wenzako.

Aliyenifundisha yote haya ni Bwana Ranjit. Alikuwa Singasinga wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kwenye kwapa, na penseli yake aliichomeka kwenye kilemba juu ya sikio la kulia. Aliichonga kwa wembe kila asubuhi, akafagia maganda kwa kiganja na kuyatia mfukoni ili yasiingie kwenye mashine. Kila bunda aliliwekea mstari wa kushuka juu ya ukingo wa kadi, kutoka kona hadi kona, ili kadi ikihama mstari uvunjike na uone. "Kadi moja ikiruka, Tabitha," alikuwa akisema, "mashine haiwezi kukulaumu. Itakupa jibu tu." Saa saba mkewe alimletea mkebe wa ngazi tatu, naye alinigawia chapati mbili juu ya kifuniko na kijiko cha achari, bila kuuliza kama nina njaa. Alijua ninayo. Alisema na mimi kama mtu anavyosema na mdogo wake, na kwa muda mrefu sikuona ubaya.

Lakini kulikuwa na jambo tuliloliacha mezani bila kuligusa. Bwana Ranjit alizaliwa Nakuru, karibu na reli, ila wakati wa kuchukua uraia alichelewesha karatasi, na sasa kila mwaka aliomba kibali cha kufanya kazi katika mji wake mwenyewe. Barua ya kumuombea kibali iliandikwa na mkuu wa kituo, ambaye wote tulimwita Daktari. Si wa hospitali, wa mimea. Alisomea ng'ambo, akarudi na tai mbili na sauti ya chini. Na aliyekuwa akifundishwa ili achukue kiti cha Bwana Ranjit ni mimi. Nilijua. Naye alijua, na bado alinifundisha kila kitu, hata yale ambayo sikuuliza. Leo naona ule ulikuwa ukarimu. Wakati ule nilianza kuona ni ajabu.

Jumatatu moja mwishoni mwa Februari, kadi zote za mavuno zikiwa zimetobolewa, tulilisha mashine ili tupate orodha ya mbegu. Orodha hiyo ilitakiwa kabla ya mvua ndefu, wakulima wapande. Mashine ilisoma, ikanyamaza, printa ikagonga mstari mmoja: WASTAN, haipatikani. WASTAN ni kifungu cha wastani, kilichoandikwa na Daktari mwenyewe. Mashine haikukubali jina la zaidi ya herufi sita, ndiyo maana I ya mwisho iliachwa nje. Nilifungua kabati. Pale WASTAN ilipokaa siku zote palikuwa na nafasi ya upana wa vidole vitatu, na vumbi halijaingia. Nikamtazama Bwana Ranjit. Alikuwa anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka.

"Labda mtu ameazima," alisema.

"Nani? Tuko wawili."

"Basi tutatafuta pole pole," alisema, na hakuinuka kutafuta.

Siku mbili tulipekua kila droo, na hata mfuko wa kadi za kutupa ambazo watu walizichukua kuandikia orodha za sokoni. Jumatano Bwana Ranjit alimwendea Daktari na wazo: apewe wiki mbili na mashine ya kuhesabia ya mkono, ile ya kuzungusha mpini, atafanya wastani wote kwa karatasi. Daktari alikataa, ingawa naye hakuwa na nakala ya kifungu chake. Baadaye akaniita mimi ofisini kwake, akafunga mlango, na kuniambia kwa sauti yake ya chini jambo ambalo tayari nilikuwa nikijiambia. "Kibali chake kinaisha Juni," alisema. "Anataka tuone hatuwezi kwenda bila yeye. Kifungu kimepotea, halafu yeye peke yake ndiye anajua kuhesabu kwa mkono. Wewe umeelewa?" Nilisema nimeelewa. "Sina ushahidi," akaendelea. "Wewe uko naye kutwa. Kaa macho. Hicho kiti ni chako, lakini kiti bila maktaba ni mbao tu."

Nilitoka pale nikiwa na macho mapya, na macho hayo hayakulala. Nilinunua kidaftari kidogo na kuandika: leo amekuja mapema dakika ishirini; leo ameniuliza kama nimefunga kabati; leo amesimama dirishani na kitabu cha ploti za Keringet, anahesabu kwa vidole, aliponiona akakifunga. Kila alichofanya kiliingia. Alipokohoa niliandika. Ajabu ya kushuku ni kwamba hakuna kisichofaa. Kila kitu kinapata pa kukaa. Nilianza kuja na viazi vyangu vya kuchemsha katika mkebe wa majani ya chai, na siku aliponisogezea kifuniko chenye chapati nilisema tumbo linaniuma. Alinitazama kidogo, akarudisha chapati kwenye mkebe wake. Siku ya pili hakunisogezea tena.

Viazi hivyo nilipewa na Mama Chebet, aliyepanga chumba kilichopakana na changu. Siku nne za wiki aliuza viazi Bondeni, tatu alikuwa kwenye shamba lake Keringet, na safari za kwenda na kurudi sikuwahi kumsikia akizilalamikia. Alinipikia nilipochelewa. Jioni moja tulikula viazi na chumvi na chai ya maziwa mengi, milango ya vyumba vyote viwili ikiwa wazi, na nilimsimulia habari za ofisini kwa kuwa nilitaka mtu aniambie niko sawa. Alimenya kiazi cha moto kwa kucha bila kuungua.

"Huyo mtu yako anakufundisha mpaka wapi?" aliuliza.

"Mpaka mwisho. Hafichi kitu."

"Hiyo ndiyo mbaya. Nani anafundisha mwenye atamtoa kwa kiti? Iko kitu ameweka pahali." Alikula, akafikiri. "Na hiyo mbegu mpya itatoka lini? Mimi nataka kupanda mapema. Hizi zangu ni za mama yangu, zimechoka."

Nilimwahidi atakuwa wa kwanza kujua. Nilijisikia mkubwa, mtu wa Bondeni mwenye siri za kompyuta.

Wiki iliyofuata nilisikia jambo. Ilikuwa saa ya chakula, nami nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, nikipanga karatasi za printa. Mkewe Bwana Ranjit alileta mkebe, na badala ya kuondoka alikaa. Walizungumza Kipunjabi kwa sauti ya chini, yeye akiuliza, mume akijibu kwa maneno machache. Sikuelewa ila maneno matatu yaliyokuwa ya kwetu: Daktari, kadi, na Keringet. Kisha jina langu, mara mbili. Mkewe alisema kitu kilichokuwa kama kusihi, na Bwana Ranjit akajibu neno moja. Nilisimama na karatasi kifuani. Nimekuwa nikiyaweka maneno hayo matatu pamoja maisha yangu yote, na wakati ule niliyapanga upesi sana.

Asubuhi iliyofuata nilifungua droo ya chini kabisa ya maktaba. Ndani yake, imekunjwa vizuri, kulikuwa na karatasi ya printa yenye mistari ya kijani: WASTAN yote, mstari kwa mstari, kama ilivyochapwa mwaka uliopita. Nilikuwa nimeipekua droo hiyo jana yake kwa mikono yangu. Haikuwamo. Mtu alikuwa ameiweka, na katika chumba kile mtu alikuwa mmoja. Niliibeba hadi kwenye meza yangu na kuisoma. Karibu na mwisho, mstari mmoja wa chapa ulikuwa umekatwa kwa penseli, na juu yake, kwa mwandiko mdogo ulioegemea kushoto, mwingine umeandikwa. Tofauti haikuwa kubwa. Mstari wa chapa uligawanya jumla ya mavuno kwa idadi ya ploti zilizovunwa. Wa penseli uligawanya kwa idadi ya ploti zote zilizopandwa. Ningefikiri kwa dakika mbili ningeelewa. Sikufikiria hesabu. Nilifikiria mwandiko. Nilijiambia, huyu hapa, ametega. Ameficha kadi, ameleta karatasi, amechafua mstari mmoja, ili niitoboe mimi, iharibike mikononi mwangu, na kiti kimrudie.

Kwa hivyo nilitoboa WASTAN upya, kadi baada ya kadi, na nilipofika kwenye mstari ule nilipiga wa chapa. Nilichora mstari wa kushuka juu ya bunda kama nilivyofundishwa. Kisha nikaipeleka ile karatasi kwa Daktari, pamoja na kidaftari changu. Alisoma kurasa zote, akaufuata mstari wa penseli kwa kidole, na kitu fulani kikapita usoni mwake ambacho nilikihesabu kuwa hasira. Akaitia karatasi kwenye droo yake na kufunga kwa ufunguo. "Umefanya vizuri," alisema. "Alasiri nitamwita."

Niliporudi, Bwana Ranjit alikuwa amesimama kando ya meza yangu akiliangalia bunda jipya. Hakuligusa. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Februari.

"Umetoboa?"

"Nimetoboa."

"Umeweka ile laini ya penseli?"

Hapo nilimwona kwa macho yangu mapya: mtegaji amekuja kuangalia mtego. Nikaona heri aamini umenasa. "Nimeweka," nilisema.

Alivuta pumzi ndefu, akaitoa. "Vizuri, Tabitha. Vizuri sana." Alichomoa penseli kwenye kilemba, akaiweka juu ya meza yangu, akaenda kuitikia mwito wa Daktari. Alirudi baada ya robo saa kuchukua koti na mkebe wake. Aliniambia tu kwamba barua ya kibali haitaandikwa mwaka huu, na kwamba nisisahau kufuta mashine vumbi likizidi. Alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu.

Mashine ilikubali WASTAN bila neno. Printa iligonga orodha nzima, na juu kabisa ilikaa Aina Namba Kumi na Nne, mbele ya nyingine zote kwa mbali. Daktari alipeleka orodha kwa wakubwa wake, mbegu zikagawiwa, na jioni ile ile nilimwambia Mama Chebet. Alicheka kwa furaha. Magunia ya mbegu zake za zamani, zile za mama yake, aliyauza yote sokoni kama viazi vya kula, ili apate nafasi ya kupanda Kumi na Nne peke yake. Mimi mwenyewe nilimsaidia kubeba. Nilihamia meza ya Bwana Ranjit, karibu na mlango, na penseli yake niliiweka kwenye droo nikaacha kuitazama.

Julai Mama Chebet alikuja kunigongea mlango, akasema twende nikaone. Tulifika Keringet asubuhi, ukungu umelala juu ya mashamba, na kabla ya kuona chochote nilisikia harufu. Majani yalikuwa meusi, yamelala. Mama Chebet alichimba kwa jembe hapa, akachimba pale, akachimba tena. Kilichotoka kilikuwa maji na uozo. Ng'ambo ya ua, jirani aliyekataa mbegu mpya alikuwa na viazi vidogo vya kawaida, na viazi hivyo vilikuwa hai. Mama Chebet alilifuta jembe kwa nyasi.

"Wewe si ulisema kompyuta imehesabu?"

"Ilihesabu, mama."

"Jirani anasema zingine zilikufa kwa majaribio. Hizo nani alihesabu?"

Jumatatu nilichukua kitabu cha ploti za Keringet, kile kile nilichomwona Bwana Ranjit nacho dirishani, nikahesabu kwa vidole kama yeye. Aina Namba Kumi na Nne ilipandwa ploti nane. Tano zilitoa viazi vya kujaza macho. Tatu zilikufa kwa ugonjwa wa majani, hazikutoa hata kimoja. Kifungu cha Daktari kilikuwa kikiiruka kila ploti yenye sifuri, kana kwamba haikuwahi kupandwa, na kugawanya kwa tano. Kiliwahesabu waliopona tu. Mwaka wa kwanza haikuonekana kwa sababu hakuna ploti iliyokufa. Penseli ilisema: gawanya kwa nane. Nilitoa penseli ile kwenye droo, nikaishika, na nikaona aibu. Nilitoboa kadi moja mpya, nikaiingiza kwenye WASTAN mahali pa ile mbovu, na kuifunga kwa mpira. Hakuna aliyejua. Mwaka uliofuata orodha ilitoka sawa, na mimi nikapandishwa cheo.

Bwana Ranjit na familia yake walikuwa wameondoka Juni. Sikumwandikia. Mama Chebet alianza upya kwa mbegu za kuomba kwa majirani, lakini zile za mama yake hazikupatikana tena popote, na ingawa aliendelea kunisalimu, hakunipikia tena. Nilifanya kazi katika chumba kile hadi mashine ile ikatolewa na nyingine kuletwa, na watu walinisifu kwa jambo moja: Tabitha haamini chochote mpaka akikague mara tatu. Waliona ni tabia njema. Nami niliwaacha waone hivyo.

Haya yote niliyabeba hadi kwenye ukumbi wa chakula wa hekalu, mkono wangu ukiwa kando ya sahani. Simran alikuja akavuta kiti, akakaa goti kwa goti na mimi. Alikuwa na macho ya baba yake. Alikuwa na boksi la viatu mapajani, akalifungua, na ndani, mpira ukiwa umekauka na kukatika, kulikuwa na bunda la kadi lenye mstari wa kushuka juu yake. Sikuhitaji kusoma jina.

"Baba alichukua hizi," alisema. "Alituambia wazi, hakuficha. Alisema zilikuwa na makosa, alimwambia boss wake mara moja, akaambiwa akumbuke kibali. Na kifungu cha boss hakuna mtu anaruhusiwa kugusa. So alitoa kadi, halafu akaacha karatasi kwa droo na laini sawa ya penseli, ndio mwanafunzi wake, wewe auntie, atoboe upya. Wewe ulikuwa unaaminiwa, hakuna mtu angekuuliza. Mama alimwambia amwambie huyo msichana wazi, akasema hapana, msichana akijua atakuwa kwa shida pamoja na yeye. Akisoma ataelewa." Alitabasamu. "Kila mwaka Baba akisikia habari ya viazi za Kenya alisema, zile za kule juu ziliokolewa na Tabitha. Ndio nataka uwaambie watu, auntie. Watoto wetu hawajui hiyo stori."

Watu walikuwa wameanza kunyamaza, wakigeuka upande wetu. Kwa dakika ile nzima nilishuku bado. Nilimkagua usoni nikitafuta mtego, kwa kuwa ingekuwa rahisi zaidi kama ungekuwepo. Haukuwepo. Nilichukua kipande cha chapati, nikakichovya kwenye achari, nikakila chote, machozi yakinitoka na si kwa pilipili. Kisha nikamwomba asogee karibu, maana nilitaka yeye asikie kwanza, kabla ya wengine.

"Baba yako aliandika sawa," nilimwambia. "Mimi nilipiga ile ya chapa. Aliponiuliza, nilimdanganya. Nilikuja kuirekebisha viazi vikiwa vimeshaoza."

Aliangalia kadi, akaniangalia mimi. Alipouliza hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu asiyeelewa hesabu.

"Lakini penseli uliiona?"

"Niliiona."

"Sasa kwa nini, auntie?"

"Kwa sababu ilikuwa yake."